Mazoezi ya Kufunga Mlango

Nyamisangura, Tarime
17 Februari 2025

Mkwe wangu Nashoni,

Sitaanza kwa kukuambia kuwa mimi ni mzima na wasiwasi ni juu yako. Mimi si mzima. Nina hasira tangu juzi Jumamosi na hata ugali haushuki.

Ulikuja na baba yako mdogo, mzee Nyangwine, kumchukua mke wako Agatha na mtoto wenu Huruma, waliokimbilia kwangu, kama desturi inavyotaka. Viti vilipangwa sebuleni. Kuku wawili walichinjwa, na mmoja alikuwa bado anataga. Wewe ukafika mlangoni, ukachungulia ndani, ukarudi nyuma ukasimama karibu na tenki la maji. Hapo ndipo ulipobaki kama mlinzi wa benki mpaka mzee Nyangwine akaishiwa maneno. Mimi nilikuwa jikoni, kwa kuwa mama mkwe hatakiwi kuonekana na mkwe wake, lakini dirisha la jikoni lina upenyo na macho yangu bado mazuri.

Faustine, kaka yake Agatha, anasema anayekataa kuingia nyumba ya wakwe amekataa ukwe wenyewe. Amekupa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Kitakuwa kikao kimoja tu, ndani, umekaa kwenye kiti kama watu. Usipoingia, atakuja huko kwako Nyambureti kuchukua nguo za dada yake, na ndoa itakuwa imeishia hapo.

Najua mama mkwe hampigii mkwe simu kumuuliza mambo haya. Lakini barua haina macho, na sijamsikia mzee yeyote akiikataza. Nimempa Hamidu, muuza vitenge anayekwenda mnada wa Mugumu. Niambie basi, kwa nini hukuingia? Na kwa nini ule mwezi wa kwanza ulivunja mlango wako mwenyewe kwa jembe, mke na mtoto wakiwa ndani? Agatha akifika hapo ananyamaza.

Mama yake Agatha,
Verdiana


Nyambureti, Serengeti
26 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Barua nimeipata na nimeisoma mara nne. Sijawahi kumwandikia mama mkwe, kwa hiyo nikikosea heshima unisamehe.

Sikuwadharau. Nitasema ukweli, ila naomba usimwambie Agatha wala Faustine.

Unajua kwamba mwezi wa kumi duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilituangukia kule machimboni. Agatha anajua tu kwamba nilitolewa mzima. Tulikaa mle shimoni tangu Jumanne asubuhi mpaka Jumatano jioni, mimi na Makoye, Msukuma wa Kahama aliyenifundisha kazi. Yeye alikuwa upande wa pili wa mwamba. Sikumwona, nilimsikia tu. Alinihadithia mashamba ya mpunga ya baba yake, akanitajia ng'ombe wao mmoja mmoja. Halafu akanyamaza. Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

Tangu hapo mlango ukifungwa naona hewa inaisha. Najua haiishi. Kichwa kinajua, mwili unakataa. Siku ile ilinyesha mvua ya mawe, Agatha akafunga mlango na dirisha, na mimi nikaona jembe tu. Sikumgusa mtu, lakini Agatha aliniangalia kama mtu asiyemjua. Sasa mlango nimeutengeneza na kuuwekea mawe usijifunge, na mbuzi wa jirani wanaingia watakavyo.

Mama, nilitahiriwa nimesimama mbele ya ukoo mzima kule Susuni na sikupepesa jicho. Leo naogopa ubao na bawaba. Mtu kama huyo atamwambia nani? Sebule yako ni nzuri, lakini nilipochungulia nilimwona Faustine ameshika kitasa.

Huruma ameota meno?

Mkwe wako,
Nashoni Heche


Nyamisangura
3 Machi 2025

Mkwe wangu,

Nimesoma barua yako jikoni, maharage yakaungua. Hasira imekwisha. Siri yako iko kwangu, na nesi aliyefanya kazi miaka thelathini na miwili anajua kufunga mdomo.

Huruma ana meno mawili ya chini na anauma kila anayempenda.

Sasa sikiliza. Hujarogwa na huna laana. Akija mtu kukuambia uchinje mbuzi mweusi, mwambie mbuzi wote walioko kwako ni wa jirani. Hofu yako ni ugonjwa, unaowapata watu wengi baada ya ajali, na unatibika. Nataka uende hospitali ukaonane na mshauri. Najua utasema shamba linakungoja, kwa hiyo wakati unajivuta tuanze na mazoezi.

Mtu akifunguliwa plasta mguu haukimbii siku hiyo hiyo. Anafundishwa kukanyaga upya, leo kidogo, kesho kidogo. Akili nayo ndivyo ilivyo. Kwenye hii memori kadi kuna zoezi linaloitwa kutafakari kwa kuongozwa. Unalala au unakaa, sauti inakuongoza, unafuata pumzi yako. Mawazo yakikimbia unayarudisha taratibu, kama unavyorudisha ndama aliyeingia shamba la watu. Hakuna viboko. Dakika kumi kila asubuhi, umevua shati na kulegeza mkanda ili upumue vizuri. Iweke kwenye ile redio yako.

Anayesema ni mama mmoja wa Musoma, nesi mwenzangu. Humjui.

Verdiana


Nyambureti
14 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Nimejaribu siku tano. Nakurudishia kadi yako na shukrani.

Yule mama ana sauti nzuri na sina ugomvi naye. Ila anaanza kwa kuniambia niko ufukweni nasikia mawimbi ya bahari. Bahari sijaiona. Nikajaribu kuweka Ziwa pale Musoma, na nilipomaliza kulipanga yeye alishafika mbali. Hilo si neno. Baadaye anasema mwili wangu unakuwa mzito na unazama taratibu ardhini. Mama, mimi nilishazama ardhini. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo.

Siku ya tano nilivumilia hapo nikapita. Ndipo akasema, sasa tukae kimya dakika tatu. Akanyamaza. Nilijikuta barabarani kifua wazi, na akina mama waliotoka kisimani wakanipisha njia.

Mwambie hana kosa. Ni kwamba hajawahi kufukiwa.

Nashoni


Nyamisangura
20 Machi 2025

Mkwe wangu,

Kosa ni lake na amelikubali. Yale maneno aliyatoa kwenye kijitabu cha semina kilichoandikwa na watu wa pwani kwa ajili ya watu wa pwani, akayasoma kama kasuku. Nilimweleza habari zako bila kutaja jina. Alijiona mjinga, na siku mbili nzima amekaa anaandika upya.

Kwenye kadi hii hakuna bahari wala kuzama, na hanyamazi hata kidogo. Akiishiwa na la kusema anachambua maharage na kukuhadithia. Ukitaka kucheka, cheka.

Sasa kaa kwenye kiti, uso uelekee mlangoni. Wiki ya kwanza mlango ubaki wazi kabisa. Wiki ya pili usogeze shubiri moja, ya tatu shubiri nyingine. Siku ukishindwa urudishe ulipokuwa, kesho uanze tena. Hakuna anayetoa alama.

Huruma anatambaa kinyumenyume. Agatha anaulizia kama umepalilia mahindi ya chini, akijifanya anauliza mahindi.

Verdiana


Nyambureti
8 Aprili 2025

Mama, shikamoo sana.

Huyo mama wa Musoma ni fundi!

Anasema, sikia nyayo zako, ziko sakafuni, sakafu imekubeba. Mama, nyayo zangu nilikuwa nimezisahau tangu mwezi wa kumi. Anasema hewa iliyotoka itarudi, huna haja ya kuifukuza. Nilimbishia siku mbili, siku ya tatu nikaona kweli inarudi. Kuna asubuhi akili inakimbia mara mia, nami nairudisha mara mia. Sijui kama hiyo ni kushinda au kushindwa, lakini natoka hapo naenda shambani bila kutetemeka.

Mlango nimesogeza shubiri tatu, nimeitangulia ratiba yako. Ila zoezi sijawahi kulimaliza. Akifika kwenye maharage usingizi unanichukua palepale kitini, na nikiamka redio imeshanyamaza. Usingizi huo sikuwa nao miezi sita.

Kuna jambo la kuchekesha na la kuogopesha. Mke wa jirani alikuja kutafuta mbuzi wake, akasikia sauti ya mwanamke ndani inaniambia, "Legeza mabega, niko hapa na wewe." Akalitangaza kwenye mashine ya kusaga kwamba Nashoni ameshaoa mwingine. Naomba Agatha asisikie.

Mwambie mama wa Musoma kuna jogoo wake hapa. Nitamletea mwenyewe.

Mahindi ya chini nimepalilia mara mbili.

Nashoni


Nyamisangura
5 Mei 2025

Nashoni,

Karibu mwezi mzima hujaandika. Hamidu ameenda Mugumu mara tatu na kurudi mikono mitupu, mara ya mwisho akarudi na umbea. Amemwambia Agatha, tena mbele ya wateja, kwamba kwako kuna sauti ya mwanamke kila asubuhi. Mwanangu amelia siku mbili. Mimi najua ukweli na nimefungwa mdomo na ahadi yangu kwako. Sijawahi kuona ahadi chungu kama hii.

Faustine amepanga kikao Jumamosi tarehe 31. Hasikii la mtu.

Huruma anasimama akishika stuli. Akianguka anaitazama stuli kwa hasira, sura yako kabisa. Andika hata mstari mmoja.

Verdiana


Nyambureti
12 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Naandika nimeigeuzia redio mgongo.

Tarehe 15 Aprili mlango ulikuwa umebakiza shubiri moja tu ufungwe, na asubuhi hiyo sikusinzia. Nikafika mwisho wa zoezi kwa mara ya kwanza. Yule mama akasema, "Asante kwa kuwa pamoja nami." Nikafurahi, nikajinyoosha. Lakini mashine ya kurekodi haikuzimwa. Nikasikia mlango unagongwa, mtu anasema, "Hodi, Nesi Verdiana! Nimefuata ile dawa ya kikohozi." Na mama wa Musoma akajibu, "Subiri nizime hiki kidude, namrekodia mkwe wangu."

Mama!

Zaidi ya wiki tatu nimekaa kifua wazi, mkanda nimelegeza, mbele ya mama mkwe. Nimesinzia na kukoroma mbele ya mama mkwe. Sauti yako nilikuwa siijui. Tangu nioe umenisalimia mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa umegeukia ukuta. Kwetu mkwe akimwona mama mkwe njiani anajificha kwenye mahindi. Mimi siku hiyo niliingia kwenye mahindi hali sina wa kumkimbia, nikakaa huko mpaka jua likawa kali.

Redio nimeifunika shuka. Mazoezi nimeacha. Mlango nimeurudishia mawe.

Kikao sitakiweza. Nikiingia nitaona mlango, na nisipoona mlango nitaona aibu. Mwambie Agatha hakuna mwanamke. Mwambie mahindi yamebeba vizuri.

Nashoni


Nyamisangura
16 Mei 2025

Mkwe wangu, mwanangu,

Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli.

Nilikudanganya. Nilijua ukijua ni mimi hutasikiliza hata dakika moja, kwa hiyo nikamzua mama wa Musoma. Uongo wa nesi nao ni uongo. Nisamehe.

Nitakueleza sababu, na hili hata Agatha halijui vizuri. Baba yake alirudi kutoka vita vya Uganda mwaka sabini na tisa. Tulipooana nilimkuta anakula amesimama, nje, hata mvua ikinyesha. Kwenye sherehe za watu alikuwa anasimama karibu na geti. Nilimwita mkorofi, nikamwita mshamba. Nilikuwa nimevaa sare nyeupe, natibu watu wa Tarime yote, na mume wangu anakula kwenye mvua. Alikufa na hofu yake, sikumpa hata dakika kumi. Niliposoma barua yako ya kwanza niliinuka nikaenda kusimama pale alipokuwa akisimama yeye. Ni karibu na lile tenki.

Sasa hilo la aibu. Mimi sikukuona. Kifua chako sikijui na mkanda wako siujui, nilikuwa naongea na simu iliyoegemezwa kwenye kopo la chumvi. Heshima ya ukwe inakataza macho yetu kukutana, inakataza meza moja na kushikana mikono. Nimetafuta kila kona, sijaona mahali inapokataza sauti kupita ukutani. Mama wakwe wote wa Nyamisangura wanapiga kelele jikoni kila siku na wakwe zao wanasikia.

Toa mawe, ufunue redio. Zimebaki wiki mbili. Shati vaa ukitaka.

Agatha nimemwambia hakuna mwanamke. Hakuniamini, na mengine ni kazi yako.

Nitakuwa jikoni. Ukuta kati ya jikoni na sebule ni wa tofali moja tu.

Verdiana


Nyamisangura
2 Juni 2025

Mkwe wangu,

Sasa niambie, maana mimi sikuona kitu.

Nilisikia mmeingia. Nilisikia viti. Nikasema, asante Mungu. Mzee Nyangwine hajamaliza hata salamu, mvua ikaanguka, na nikamsikia Faustine, "Makochi yanalowa!" Akaubamiza mlango. Nikasikia kiti kinakwaruza sakafu, na mzee Nyangwine anaita, "Nashoni? Nashoni, mura, kijana wangu?"

Nilimnyakua Huruma, aliyekuwa amelala fofofo, nikaegemeza mgongo ukutani, nikaanza kumbembeleza kwa sauti ya kuhubiri sokoni. Sikia nyayo zako, mama. Ziko sakafuni, sakafu imekubeba. Hewa iliyotoka itarudi, huna haja ya kuifukuza. Wifi yangu Specioza aliyekuwa anasonga ugali aliniangalia kama nimechanganyikiwa. "Tangu lini mtoto wa miezi kumi na moja anaambiwa alegeze mabega?" Nikamkanyaga mguu nikaendelea. Maneno yalipoisha nilichambua maharage ambayo hayakuwepo, moja moja, sijui ni kwa muda gani.

Ndipo nikakusikia. "Faustine, mlango ukifungwa naogopa. Ndiyo maana mwezi wa pili sikuingia. Sikuwadharau." Kisha ukamtaja Makoye, ukasimulia yote, na Agatha alikuwa amesimama kizingitini mwa jikoni akisikia. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akaenda sebuleni.

Baada ya hapo mvua ilipiga bati, na wewe unajua kelele za bati langu, maneno sikuyashika tena. Nikasikia watu wanacheka. Walikuwa wanacheka nini?

Verdiana


Nyambureti
15 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Kiti kilikwaruza kwa sababu nilikuwa nimeshasimama. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa, wazee wote wananitazama, na Faustine amenikunjia uso. Nilikuwa natoka, Mama. Sitakudanganya. Ningetoka nisingerudi Nyamisangura tena maishani.

Nikakusikia ukutani. Mwanzo sikuelewa maneno, nilijua tu kwamba kuna mtu upande wa pili na hajanyamaza. Makoye aliponyamaza sikuwa na la kufanya, niliita tu. Siku hiyo ulivyozidi kuongea nikaziona nyayo zangu. Nikarudi kwenye kiti nikakaa, nikafumba macho. Mzee Nyangwine akawaambia watu wavue kofia, akidhani nasali. Ulipofika kwenye maharage nilikuwa naweza kusema.

Nilipomaliza kusimulia, Faustine hakucheka. Aliinuka akaufungua mlango wote, mvua ikaingia kwenye makochi yake mapya. Akavuta stuli akakaa pale kizingitini, mgongo unalowa. Alisema maneno mawili tu, "Ungesema, mura." Kisha Agatha akaja, akaniwekea Huruma mapajani, akauliza mbele ya wazee, "Na huyo mwanamke wa asubuhi?" Nikaonyesha ukuta wa jikoni kwa kidole. Hicho ndicho walichokuwa wanacheka. Mzee Nyangwine alicheka mpaka akaomba maji.

Jumatatu nilikwenda hospitali kuonana na mshauri kama ulivyosema mwanzo. Nitakuwa naenda kila baada ya wiki mbili. Aliniambia kuna siku hofu itarudi na nisishangae ikirudi. Imerudi mara moja, Jumatano. Nikatoka nje, nikahesabu pumzi, nikaingia.

Agatha na mtoto walifika jana, Faustine aliwasindikiza, na jogoo wako nimempa yeye akuletee. Mchana tulikuwa tunakula dagaa, upepo ukaanza kuingiza vumbi ndani. Agatha alinitazama kwanza. Akaenda akafunga mlango.

Nikaendelea kula.

Mkwe wako,
Nashoni Heche